Aliyeandika Radhi ya Diwani

Kwa miaka ishirini na tisa Kuji Fusae alikuwa akiketi kwenye meza ndogo chini ya jukwaa la baraza la mji wa Minasawa, ana kalamu, saa na kengele ya shaba. Dakika za diwani zikiisha, anagonga. Ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao, akapika chai, akajaza jagi la maji na kukumbuka nani asikalishwe karibu na nani. Wenyeviti walikuja na kuondoka, yeye yupo.

Alikuwa na kazi nyingine isiyotajwa popote. Diwani akikosa adabu kikaoni, kamati ya nidhamu hukaa, na adhabu wanayoipenda kuliko zote ni kuomba radhi mbele ya baraza. Mkosaji haachiwi aseme ya moyoni mwake. Wenzake wanamjua, na wanajua moyoni mna nini. Hupewa maandishi yaliyopitishwa na kamati, ayasome neno kwa neno. Akiongeza au akikataa, hilo ni kosa jipya. Maandishi hayo yote aliyatunga Fusae. Alikwisha kuandika radhi saba, ikiwamo ya mlevi na ya yule aliyemwita meya kiazi kilichooza. Mwenye pumu alimkatia sentensi fupi fupi asije akakwama njiani.

Halafu kulikuwa na Shirahata Genjiro, mkulima wa matufaha kutoka bonde la juu. Baba yake alifariki naye yuko darasa la nne, akaachia hapo shule, na zile herufi nzito za Kijapani cha serikali, ambazo kila moja hukaririwa peke yake, zikabaki kumshinda. Fusae aliligundua hilo mwaka wa kwanza wa Shirahata barazani. Hawakuambiana lolote, ila tangu siku hiyo kila karatasi ya Shirahata ilikuwa na vijiherufi vidogo vya penseli pembeni ya zile kubwa, vya kumwonyesha matamshi, kama wanavyowekewa watoto. Ilikuwa hivyo miaka kumi na minne. Shirahata hakuwahi kusema ahsante, lakini kila vuli kreti la matufaha lilikutwa mlangoni mwa ofisi, halina jina.

Ndiyo maana lile la Februari liliuma. Walikuwa wakijadili kuifunga shule ya msingi ya bonde la juu, yenye watoto tisa tu. Shirahata alizungumza mpaka muda ukamwishia, Fusae akagonga. Akaendelea, Fusae akagonga tena. Mzee akageuka, uso mwekundu.

"Nyamaza na kikengele chako! Wewe hujazaa hata paka, shule inakuhusu nini?"

Fusae na marehemu mumewe walihangaikia mtoto miaka kumi na mmoja, na mji mzima ulijua. Aliyaandika maneno yale kama yalivyosemwa, kwa kuwa kumbukumbu ni kumbukumbu. Kisha akaenda jikoni, akafungulia bomba, akalia.

Kamati ikaamua Shirahata aombe radhi. Mikami, mkuu wa ofisi, si mtu mbaya, ila kichwa chake kimejaa makaratasi. Alimwekea Fusae faili mezani akasema, "Bi Fusae, kama kawaida. Nayahitaji maandishi kabla ya Jumatatu." Alipofika mlangoni alionekana kukumbuka jambo, akajikuna shingo, akatoka.

Fusae akaandika kama kawaida: nilitamka maneno yasiyostahili, nikashusha hadhi ya baraza hili, naliomba baraza radhi. Muundo ule hauna pa kumweka aliyetukanwa. Kwa kanuni, aliyetukanwa ni baraza. Alipomaliza kunakili, akaona mkono wake umeshaweka vile vijiherufi vya penseli, kwa mazoea tu. Hasira zikampanda. Karatasi ile akaitupia kwenye droo, akanakili nyingine, safi kabisa. Asome mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Shirahata alikuja kuichukua. Akaifunua, macho yakatafuta pembeni mwa herufi, yasipate kitu. Akaikunja.

"Sawa, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeyataka mwenyewe."

Fusae alifurahi, kwa nini tufiche. Furaha ile ilidumu muda wa kujaza jagi la maji. Kabla ya kuingia ukumbini aliitoa ile karatasi ya kwanza kwenye droo, akaichomeka ndani ya faili lake bila kujiuliza ya nini.

Viti vya wananchi vilijaa watu wa bonde la juu, maana kura ya shule ilikuwa baada ya radhi. Shirahata akapanda jukwaani. Jina lake alilisoma, tarehe akaisoma, halafu akakwama. Jasho likamtoka. Nyuma kuna aliyecheka.

"Mheshimiwa, soma," mwenyekiti akasema. "Kunyamaza ni kukataa."

Na kukataa ni kutolewa nje, na kura za kuwatetea wale watoto tisa kupungua moja. Fusae akainuka. Akamimina maji, akaweka bilauri kwenye sinia juu ya ile karatasi ya penseli iliyokuwa ndani ya faili lake, akapanda nayo, kwa kuwa kupeleka maji ni kazi yake na hakuna wa kumuuliza. Akashuka na ile karatasi safi.

Shirahata alisoma hadi mwisho bila kukwama. Akaliinamia baraza, kama sheria inavyotaka. Kisha akageukia meza ndogo, akainama tena, safari hii mpaka kiunoni, na mgongo wake uliochoshwa na kupogoa miti. Mikami akafungua haraka kitabu cha kanuni. Kilikataza kuongeza neno. Habari za mgongo hakikuzisema.

Mzee hakuinuka. Ukumbi ukasubiri. Fusae akaelewa kwamba anasubiriwa yeye, akamwacha hapo kidogo, kwa ajili ya ile miaka kumi na mmoja. Halafu akagonga kengele mara moja.

Shirahata akajinyoosha, mkono kiunoni. Alipopita mezani akanong'ona, "Leo umechelewa kugonga."

"Nilikuwa napima dakika, mheshimiwa," Fusae akamjibu, akafungua ukurasa mpya wa kumbukumbu kwa ajili ya kura ya shule.