Simu Kwenye Droo

Madereva walimwita Mzee Zima. Hata waliowahi kulijua jina lake walikuwa wamelisahau. Aliuza mafuta kwenye kituo chenye pampu mbili, na gari likisimama tu, kiganja chake kilikuwa juu ya bodi: "Zima injini. Zima sigara. Simu iache." Dumu alilishusha chini kabla ya kulijaza, hata mwenye nalo akisonya. Ndoo ya mchanga aliichungulia kila asubuhi kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

Nyumbani vilevile. Mkewe akiwasha jiko, yeye yuko mlangoni: "Zima!"

"Bwana wee, nikizima utakula mbichi?"

Wakacheka. Miaka thelathini na kitu, mzaha ule ule.

Simu yake mwenyewe ilikaa kwenye droo ya ofisi, tangu anaingia zamu mpaka anatoka. Mkewe alijua. Saa za kazi hakumpigia hata mara moja. Siku aliyompigia, alipiga mara tatu. Mzee Zima alizikuta simu hizo saa kumi, alipofungua droo. Alipofika nyumbani, jirani alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani.

Miezi minne sasa tangu amzike mkewe. Hakumlaumu mtu. Petroli alijua inavyofanya, na simu mahali pake ni kwenye droo. Ila tangu siku hiyo, simu ya dereva ikiita, hakusema tena "iache". Alisimamisha pampu, akalitundika bomba, akasema: "Sogea pale ukutani, pokea, kisha urudi." Foleni ikarefuka. Honi zikalia. Watu wakalalamika.

Leo asubuhi msimamizi alimwita pembeni.

"Mzee, nakuheshimu kama baba. Lakini akilalamika mmoja tu leo, kesho ukapumzike nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

Msimamizi akatazama viatu vyake.

Mchana likaja gari jeupe. Dereva akashuka, tai imemlegea shingoni, uso umekunjamana. Mafuta yameanza tu kuingia, simu ikaita. Akaitazama, akaikata. Ikaita tena. Akaikata.

"Nani?" akauliza Mzee Zima.

"Mke wangu tu. Jaza, mzee, nina haraka. Nitampigia baadaye."

Ikaita mara ya tatu.

Mzee akasimamisha pampu. Akalitundika bomba, akafunga kifuniko cha tangi.

"Sogeza gari ukutani. Pokea."

"We mzee, mzima kweli? Nimekuja kununua mafuta au kuhukumiwa?"

"Hapa huongei. Na mimi sikujazii mpaka umpokee."

Honi zikaanza nyuma. Msimamizi akatoka ofisini mbiombio. Dereva akafungua mdomo, akamwangalia yule mzee. Sijui aliona nini usoni pake. Akaingia garini, akalisogeza mpaka ukutani. Mzee Zima akasimama na mikono mitupu, akimtazama akiongea. Mara akamwona anacheka.

Alirudi, akajipanga mwisho wa foleni kama wengine. Ilipofika zamu yake, msimamizi alikuwa bado amesimama pale.

"Una malalamiko, bosi?" akamuuliza dereva.

"Malalamiko gani? Anijazie niende."

Msimamizi akarudi ndani. Mzee Zima akalitia bomba kwenye tangi. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Alitaka nini?"

"Chumvi, mzee! Simu zote hizo, eti chumvi imeisha."

"Usisahau, basi."

Kutwa nzima neno lile lilitembea naye. Chumvi. Huenda na wake alitaka chumvi tu. Kwa nini isiwe chumvi? Alilishika hilo mpaka zamu ikaisha, akafungua droo, akachukua simu. Hakuna aliyempigia.

Nyumbani hakukaa kwanza, kama alivyozoea. Alipitiliza jikoni. Tangu msiba hakuwa amepika hata siku moja. Chai na mkate vilimtosha, na vitu vya mkewe vilikaa alivyoviacha. Akalishusha kopo la chumvi kwenye rafu, akafunua.

Lilikuwa limejaa.