Jalada Lililochomwa Kabla ya Kufutwa

Mzee Jalada alikuwa na siku kumi na tisa za ubabu, na katika siku zote hizo kitu pekee alichokiona cha mjukuu wake ni nyayo.

Nyayo zenyewe nzuri, hakuna ubishi. Lakini kila Jumamosi saa kumi jioni, binti yake aliyeishi mbali alipopiga simu ya video kwenye kompyuta na kumwinua mtoto mbele ya kamera, dirisha jekundu lilijitokeza katikati ya kioo: “Kompyuta yako ni chafu! Makosa 1,348 yamepatikana. Safisha sasa!” Mzee akilifunga, linafunguka jingine. Akilisukuma kando, linarudi palepale, juu ya uso wa mtoto. Simu zao za mkononi, yake na ya mkewe, zilikuwa za vitochi, hazina habari na picha.

“Hivi huyu mjukuu ni wetu au ni wa hiyo programu?” mkewe alimuuliza.

Jina la Jalada hakuzaliwa nalo. Alilipata masjala, alikokaa miaka thelathini na minne akitunza majalada ya ofisi nzima, na sheria yake aliirudia mpaka watu wakaichoka: jalada halifi mpaka lifutwe kwenye rejista. Kwanza unaliita, unasaini, unafuta namba yake, ndipo unalipeleka tanurini. Kuna karani mmoja, msichana mgeni kazini, aliyewahi kuchoma majalada kumi na mawili kabla ya kuyafuta. Miezi miwili mizima watu walikuja kuulizia majalada ambayo rejista ilisema yapo na kumbe ni majivu. Jalada alimwandikisha barua ya kujieleza, nakala tatu, akamwamuru aisome kwa sauti mbele ya wenzake. Msichana alilia. Jioni ile ile mkewe alimwambia kuwa hapo amezidi, naye akajibu kuwa kazi ni kazi.

Sasa mtu huyuhuyu, ambaye hakuwahi kusainia hata kipande cha sabuni bila kusoma, ndiye aliyetaka mchezo wa karata wa bure na kubofya “Nakubali” mara nne mfululizo bila hata kuvaa miwani. Wahenga walisema rahisi ghali. Cha bure je? Karata zikaingia, na nyuma yake ikaingia programu ya lile dirisha jekundu.

Aliburuta alama ya programu hiyo mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta, akalimwaga pipa, akajikung'uta mikono. Kesho yake dirisha likamwamkia. Hapo hasira zikampanda. Akaitafuta folda ya ile programu, akafuta kila kilichokuwemo, isipokuwa vipande viwili vilivyogoma kabisa kutoka. Dirisha likaendelea kuchomoza kama kawaida.

Jumamosi ya tatu, saa nane mchana, aliitia kompyuta kwenye foronya na kuibeba mpaka kwa fundi wa mtaa wa pili, huku mkewe akimfuata nyuma. Mlangoni akasimama ghafla. Aliyekuwa ndani, miwani juu ya paji la uso na bisibisi mkononi, alikuwa yule karani wake wa zamani, sasa mama mtu mzima mwenye duka lake.

“Turudi nyumbani,” alinong'ona.

“Uso umeumbwa na haya,” mkewe alisema, “ila miguu haikuumbwa na haya. Ingia.”

“Shikamoo, bosi,” fundi alisema, akimsogezea kiti.

“Marahaba, binti yangu.” Akaeleza shida yake yote, mpaka habari ya nyayo.

Fundi alifungua orodha ya programu zilizomo, akabofya “Ondoa” mbele ya ile mbaya. Mashine ikajibu kuwa kiondoaji hakipatikani. “Uliitoaje, bosi?”

“Niliingia kwenye folda yake, nikafuta kila kitu.”

Fundi aliuma mdomo asicheke. “Na kiondoaji kilikuwa humohumo. Kwenye orodha bado ipo, lakini cha kuitoa umekitupa. Bosi, umeichoma kabla ya kuifuta kwenye rejista.”

Mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. “Sasa tufanyeje?”

“Tunairudisha.”

“Kuirudisha! Huyo adui?”

“Kwani mimi ulinifanyia nini? Ulinifungulisha majalada mapya kumi na mawili, matupu, ili niyafute kwa utaratibu.”

Mkewe aligeukia ukutani kuficha kicheko.

Basi wakaipakua upya, nzima, ikaingia kwa mbwembwe zake zote. Fundi akarudi kwenye orodha, akabofya “Ondoa”. Ikabembeleza: “Una uhakika? Kompyuta yako itakuwa hatarini!” Kitufe cha “Nibakishe” kilikuwa kikubwa, cha kijani, cha “Endelea kuondoa” kilikuwa kidogo, cha kijivu, kimejificha pembeni. Safari hii mzee alivaa miwani na kusoma kila mstari kwa sauti kabla mtu hajabofya chochote. Wakaizima kompyuta na kuiwasha. Fundi akakagua vitu vinavyojiwasha vyenyewe, akatoa kimoja. Akaingia kwenye kivinjari, akatoa kingine. Akaifuta folda iliyobaki tupu. Wakaizima na kuiwasha tena, kisha wakakaa watatu wakikitazama kioo, wakiogopa hata kukohoa. Hakikujitokeza kitu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano. “Pigieni hapahapa,” fundi alisema.

Binti yao akatokea, akamwinua mtoto. Wakamwona: kipara, mashavu, kidevu kilekile cha bibi yake. Mtoto akapiga mwayo mrefu. Mkewe alicheka na kulia kwa pamoja, na mzee akawa anapunga mkono tu kama mtu aliyeko stesheni.

Simu ilipokatika aliuliza anadaiwa nini.

“Barua ya kujieleza,” fundi alisema kwa utani. “Nakala tatu.”

Mzee Jalada hakucheka. Aliomba karatasi, akaandika zote tatu kwa mkono wake, kisha akasimama na kusoma kwa sauti mbele ya mkewe na wateja wawili waliokuwa wakisubiri: “Nakiri kwamba nilichoma kabla ya kufuta. Nakiri pia kwamba miaka ishirini na mitano iliyopita nilimliza karani mbele ya wenzake kwa kosa hilihili, na mpaka leo sijamwomba radhi. Naomba radhi.”

Fundi aliipokea karatasi, akairudia kuisoma kimya. Barua yake mwenyewe, ile ya zamani, haikuwahi kurudishwa na jibu. Akavuta kalamu sikioni, akaandika chini maneno ambayo bosi wake alikuwa akiyaandika masjala kila shauri lilipokwisha: “Imeonekana. Jalada lifungwe.”