Njia ya Shambani kwa Tuffin

Mchezo wa mauaji wa vijiji vyetu aliutunga mke wangu, Muriel. Wageni hutembea kijiji hadi kijiji wakitafuta nani kamuua kasisi. Maiti wa kuigiza alimweka makusudi kwenye njia inayokatiza shamba la Tuffin, maana kwetu njia ya miguu ikiendelea kupitiwa na watu, mwenye shamba hawezi kuifunga.

Tulipomzika Muriel, Tuffin akaja na kufuli la lango la shamba.

"Mzee Clifford, mchezo umekwenda na mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

Jumamosi, siku ya mchezo, nilijipaka rangi nyekundu kifuani, nikalala katikati ya lango lake, lisifungike.

"Inuka, babu. Utashikwa na baridi."

"Maiti haoni baridi, Tuffin."

Wageni wakafika, wakanichunguza, wakapita wote.