Bomba Moja la Bwawani

Wiki hii nafunga mabomba mawili ya kupunguzia maji kwenye tangi la samaki wa maji chumvi, katika hoteli moja hapa Korogwe. Nikifungua kopo la gundi, harufu yake inanirudisha utotoni, Hale, kwenye bwawa la samaki la baba.

Baba alikuwa ameweka bomba moja tu la kupunguzia maji, akaliunga kwa gundi kama hii. Mvua kubwa ikanyesha, majani yakaliziba, bwawa likafurika na kusomba mahindi yote ya baba mkubwa, kaka yake, aliyelima chini yetu. Asubuhi akaja na jembe.

"Kaka, nisamehe," baba alisema.

"Wanangu watakula msamaha?"

Alimpiga mpini mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Baba alianguka, akapigwa tena mbavuni, wala hakuinua mkono. Kisha baba mkubwa akapasua ukingo wa bwawa. Samaki wakamwagika topeni wakitapatapa, naye akawaponda mmoja mmoja huku akilia kwa sauti.

Baba alitema damu, akaniona nimesimama kando.

"Mwanangu, hujamwamkia baba yako mkubwa."

"Shikamoo, baba mkubwa."

Jembe lilibaki juu. Kisha akalishusha taratibu.

"Marahaba, mama," akaitikia, kisha akaketi palepale topeni.