Mahali pa Ningu

Siku Bwire aliyoamua kwenda kuposa mwenyewe ndiyo siku Mto Mirongo ulipofurika, na hapo kosa likaanza. Mjomba wake, aliyekuwa awe mshenga, alikwamishwa Majita na ziwa lililochafuka. Bwire alikuwa kuli wa stesheni, mwaka ule reli ingali mpya Mwanza, na shati la maana alikuwa nalo moja tu. Lakini fundi cherehani mmoja wa Usagara alishaanza kumnyemelea Kija, binti aliyempenda Bwire. Akichelewa wiki moja, mchumba hana. Bwire akavaa shati lake, akasema liwalo na liwe.

Mzee Mayala, baba yake Kija, hakuwa nyumbani. Mvua kubwa ikinyesha, Mayala hana nyumba wala mgeni, yuko mtoni anatazama maji. Ukimuuliza habari za pamba yake, atakujibu ipo shambani. Ukimuuliza habari za ningu, wale samaki wanaopanda mto kutoka ziwani wakati wa masika, utakosa chakula cha mchana.

Bwire alimkuta amechuchumaa ukingoni, matope hadi magotini, mitego yake kando.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usisimame hapo, unawatisha samaki."

Mayala akachota maji kiganjani, akayanusa, akayaonja, akatema. "Bado. Haya ni uji wa udongo, ningu hapandi kwenye uji. Yangoje yawe kama chai ya maziwa. Hapo utege upesi, maana yakishakuwa meupe, ningu kakuaga."

Bwire akakohoa. "Baba, mimi nimekuja kwa ajili ya mahari."

Sasa, Mayala alikuwa Msukuma wa Nyegezi, na maisha yake yote sikio lake halikuona sababu ya kutenganisha r na l. Kwake rafiki ni lafiki, barabara ni balabala. Alichosikia ni mahali.

Akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Mahali! Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba. Mshenga kakwama."

"Miaka ishirini hiyo ni siri yangu! Hata mke wangu sijamwambia!"

Bwire akapigwa na butwaa. Mahari gani hii ambayo hata mama mzazi hajaambiwa? Bila shaka ni ya kutisha. "Nitatoa ng'ombe wanane," alisema kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe wanane!" Mayala alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyerukwa na akili. "Hata ulete mia, sitaki. Nenda zako!"

Basi, fundi cherehani kashinda. Bwire alikuwa anageuka aondoke, machozi yakimlenga, Kija akatokea na kibuyu cha uji wa baba yake.

"Kija!" Mayala alifoka. "Mjita huyu anataka mahali petu pa ningu! Katoa na ng'ombe!"

Kija alimtazama Bwire, akamtazama baba yake, akaziba mdomo kwa kanga. Alisoma misheni miaka miwili, r aliijua vizuri. Alicheka mpaka uji ukamwagika. "Baba, ni mahari. Ananiposa mimi."

"Ala!" Mayala alishusha pumzi ndefu. "Si ungesema, kijana! Nikadhani unataka kitu cha maana. Kija mchukue. Ng'ombe wanane, tumemaliza."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. Macho ya Mayala yalikuwa yameingia ukungu tangu masika mawili yaliyopita. Kule kunusa na kuonja kulikuwa mbwembwe tu. Rangi ya maji alikuwa akiambiwa na Kija, na ni Kija aliyemshika mkono kumpeleka mahali pale pa siri. Jambo hilo walilijua wao wawili tu, na sasa huyo wa pili alikuwa amekwisha kumwoza.

"Ng'ombe saba," alisema taratibu. "Wa nane bakia naye. Ila mvua kubwa ikinyesha, nakuomba uniletee mwanangu anitazamie maji. Mimi sioni tena."

Kija akageuza uso. Hakuwahi kumsikia baba yake akilisema hilo mbele ya mtu.

"Ng'ombe watakuja wote wanane, baba," Bwire alisema. "Na Kija atakuja."