Maduhu wa joshoni: 'Nikianguka, nishikeni'

Saa moja asubuhi, ng'ombe wa kwanza anafika ukingoni mwa josho na kugoma. Maduhu Salu (44), msimamizi wa josho, anampiga kofi la mgongo, anamsemesha Kisukuma, na ng'ombe anajitosa chubwi! Anaibukia upande wa pili, dawa ya kupe ikimchuruzika.

"Huyu kila wiki lazima abembelezwe, utadhani bibi harusi," anasema Maduhu.

Wafugaji wa Mwamapalala, wilayani Itilima, wanacheka. Leo wameleta ng'ombe zaidi ya mia nne. Lakini kabla ya kufungua lango, Maduhu aliwasimamisha wote, akafungua shati na kuwaonyesha uvimbe chini ya bega la kushoto.

"Nikianguka, nishikeni. Nivuteni mbali na maji. Hafi mtu kwa kunigusa."

Miaka sita iliyopita, akichunga mbali kutafuta malisho, Maduhu aling'atwa na mbung'o akaugua malale. Alitibiwa, lakini vimelea vya ugonjwa vilikuwa vimeshauumiza moyo. Ukawa unakwenda mbio ovyo, naye anazimia. Madaktari jijini Dar es Salaam wakampandikizia chini ya bega mashine ndogo inayousikiliza moyo muda wote. Ukivurugika, inaupiga shoti urudi kwenye mwendo wake.

"Daktari aliniambia, 'Hii haitibu, inakulinda.' Nikamwambia basi nilinde, nina ng'ombe wa watu wananisubiri."

Aliporudi kijijini, akaificha.

"Kosa langu hilo. Niliogopa wataniita mtu wa radi," anakiri.

Novemba mwaka jana moyo ulivurugika akiwa kazini. Alianguka, miguu ikazama joshoni. Mfugaji Mashimba alimdaka mkono, mashine ikapiga, na Mashimba akahisi mtetemo. "Radi!" alipiga kelele, akakimbia. Wapo hapa wanaoamini kuwa aliyepigwa na radi haguswi mpaka mganga afike na dawa. Wote wakarudi nyuma.

Mashine ilikuwa imeurudisha moyo, lakini mwenyewe hana nguvu, anateleza majini. Aliyemtoa ni mkewe, Sayi, anayehesabu mifugo langoni.

"Nilimvuta kwa mkanda wa suruali," anasema Sayi. "Wanaume ishirini wanatazama juu, na mbingu nyeupe, hata wingu hakuna! Hasira ile sijaimaliza mpaka leo."

Wiki mbili hakuna aliyeleta ng'ombe. Maduhu hakukaa nyumbani kulia. Alimchukua Joyness, muuguzi wa zahanati, wakapita kaya kwa kaya. Kote alivua shati, akawaambia watu waweke kiganja kifuani pake. Wa mwisho kukubali alikuwa Mashimba.

"Nilidhani nitakauka hapo hapo," anasema Mashimba. "Hata siku ile, ukweli ni kwamba haikuuma. Ilinitekenya tu kama ganzi."

"Ikakutekenya mpaka ukaacha fimbo na kiatu kimoja!" anadakia Maduhu.

Mwezi ujao atasafiri kwenda kupimwa mashine, kama afanyavyo kila baada ya miezi sita. Akirudi, anataka wajenge kingo za mbao pande zote mbili za josho kabla ya mvua.

Anageuka kumwahi ndama, mguu unateleza kwenye tope. Kufumba na kufumbua mikono sita imemdaka, wa kwanza ukiwa wa Mashimba, na watu wawili wanamburuta mbali na maji.

"Jamani, nimeteleza tu!" anafoka Maduhu, huku machozi yakimlengalenga. "Niacheni nifanye kazi."

Hakuna anayemwachia.