Panya Aliyekula Vitambaa vya Mama

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka thelathini aligombana na panya. Kila akimaliza kushona, vipande vya pamba laini vilivyoanguka chini ya meza vilipungua. Bandu bandu, mpaka fungu linakwisha. Alitega mitego, akafuga paka, akaishia kumlaumu paka. Marehemu baba, mtu wa maneno machache, alimsaidia hata kuitega hiyo mitego.

Baba alipenda kulenga shabaha. Kila Jumamosi alibeba bunduki yake ya upepo kwenye begi refu, akaenda ukumbi wa chama cha walenga shabaha, akarudi na karatasi yenye matundu na kuibandika mlangoni. Mama alimcheka: mtu mzima anashindana na karatasi. Baba alipofariki, chama kilituma barua ya upole. Bunduki haiwezi kukaa nyumbani kwa mtu asiye mwanachama. Mrithi apite jaribio la risasi kumi, nane ziingie kwenye duara jeusi. La sivyo, irudi stoo ya chama.

"Stoo?" Mama aliniambia. "Baba yako alikuwa anaifuta kabla hata hajanywa chai. Haiendi stoo hiyo."

Basi akajifunza, na miaka yake sitini na miwili. Mwalimu wa chama, mzee mwembamba tuliyemwita Polepole kwa sababu hakuwa na neno lingine, alimwanzisha na kushika: mtutu uelekee shabaha wakati wote, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uamue. Mkono wa mbele ubebe bunduki, usiikabe. Vuta pumzi, toa nusu, tulia, bonyeza.

"Kumbe ni kama kukanyaga pedali ukishona hariri," Mama alisema, na tangu siku hiyo risasi zake zikaanza kukaa karibu karibu. Mimi nilijaribu mara moja nikapiga ukuta, kwa hiyo sina la kusema.

Asubuhi ya jaribio nilimkuta mezani na bunduki na chupa ya mafuta ya cherehani. Chombo kikiwa na kazi kubwa mbele yake, Mama hukipaka mafuta. Mazoea yana taabu. Alitia matone kwenye bawaba, na mengine mengi kwenye tundu linalopitisha upepo.

Ukumbini, risasi ya kwanza ilitoka na mlio mkali na moshi, ikapiga ubao juu ya karatasi. Ya pili ikapiga chini. Mama aliilaza bunduki, akakaa.

"Nimeiua," alisema, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia mbele za watu, hata msibani.

Polepole alinusa mtutu. "Umeikaanga, mama. Springi ikibana upepo, kunapata moto, mafuta yanaungua. Humo ndani haitaki mafuta. Piga kwenye mchanga mpaka moshi uishe, kisha futa mtutu. Zako mbili zimeshapotea, lakini nane bado unazo."

"Nifute na nini?"

"Mzee wako alikuwa na vyake. Angalia mfuko wa begi."

Mfukoni mlikuwa na kopo, na ndani ya kopo vitambaa vidogo vya mraba, vimepangwa kama karata. Mama alivitoa kimoja kimoja. Sare yangu ya shule. Pazia la sebuleni. Flana ya njano aliyonishonea nilipozaliwa.

"Kumbe panya ni wewe," alisema, akicheka na huku bado analia.

Alipiga mchangani mpaka moshi ukaisha, kisha akavifunga kwenye uzi, akavipitisha mtutuni, mpaka kimoja kikatoka kisafi. Kopo lilibaki na ile flana tu. Polepole akanyoosha mkono aichukue.

"Hicho hapana," Mama alisema, akakitia kwenye sidiria.

Akapiga nane. Polepole alihesabu matundu mara mbili, polepole kama kawaida yake, ya mwisho ikiwa imekata ukingo wa duara, ndipo akamsukumia daftari la wanachama atie sahihi. Jioni karatasi ilibandikwa mlangoni, kando ya ya mwisho ya Baba.

Siku hizi Mama akimaliza kushona, hukata pamba vipande vya mraba. Havitii kwenye kopo hapo hapo. Huviacha chini ya meza mpaka kesho yake.

"Mama, hakuna panya humu ndani," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Viache tu."